Meno ya Ploti ya Kisima

Mtu akinitukana mimi, naweza kumwacha aende zake. Nimeishi Eastlands miaka mingi, matusi nimeyasikia ya kila aina, mengine hata yana ladha. Lakini mwalimu alipomsimamisha binti yangu mbele ya gwaride la Jumatatu, akamwambia afungue mdomo, kisha akawaambia watoto wa shule nzima, "Hivi ndivyo meno ya mtu asiyepiga mswaki yanavyokuwa," hapo nilikataa. Nilikataa siku ile na hadi leo nakataa.

Wakati huo alikuwa darasa la pili. Hakuniambia. Alirudi nyumbani, akakaa mezani, akala ugali mkono mmoja umefunika mdomo, nami nikadhani ana jino linaloumwa. Baadaye nikasikia maji yanamwagika bafuni bila kukoma. Nilipofungua mlango nilimkuta ameshika ile waya ya kusugulia sufuria, ameitia jivu la jiko, anasugua meno yake ya mbele. Damu ya ufizi ilikuwa imechuruzika mpaka kwenye sare ya shule.

"Wee! Unafanya nini?"

"Nataka yatoke," akasema. "Hizi rangi. Nataka zitoke."

Hapo ndipo aliponieleza habari ya gwaride. Alieleza polepole, huku nimemshikilia kitambaa mdomoni, na kila neno likawa linanipanda kichwani. Ati hapigi mswaki! Mtoto huyo alikuwa anapiga mswaki asubuhi na jioni, nami nimesimama mlangoni kama askari wa lango. Meno yake ya utotoni yalikuwa meupe, majirani walikuwa wakiyasifu. Yalipong'oka na ya ukubwani yakaota, yakaja na madoa meupe ya chaki, halafu taratibu madoa yakageuka rangi ya chai ya rangi. Tulisugua. Tulitumia chumvi, tukatumia ndimu, tukatumia makaa. Yalikaa vilevile.

Kesho yake nilimfunga mdogo wake mgongoni, aliyekuwa mtoto mchanga bado, nikaenda shule. Mwalimu alinipokea vizuri, hata kiti akanipa. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana alikuwa na uhakika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kwa huruma, akaniambia, "Mama, si lazima tugombane. Wewe mnunulie tu dawa ya meno yenye floraidi, na umsimamie."

Nilienda dukani nikanunua ile tyubu kubwa kuliko zote. Nikasoma ubavuni nikaliona neno lenyewe, floraidi, nikajiambia sasa tumepona. Watoto wa ploti nao walikuwa wameshampa binti yangu jina. Walimwita Chai. "Chai, sasa?" "Chai, niaje, leo una sukari?" Akipita ngazini walikuwa wakisema meno zake zina kutu. Akaacha kucheza nje.

Niwaelezee hiyo ploti, kwa sababu kisa chote kiko hapo. Zamani tulikuwa tunaishi Makadara, chumba kimoja, na maji yalikuwa yanakuja yakitaka. Ulikuwa unaweka mtungi kwenye foleni, unaenda kufua, unarudi, foleni haijasonga, na kuna mtu amesogeza mtungi wako nyuma. Kwa hiyo mume wangu alipopata kazi katika kiwanda kimoja upande wa Embakasi, tukatafuta nyumba kule karibu na Fedha, nasi tukaona ploti moja ndefu ya orofa, imeandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: KISIMA CHETU WENYEWE. MAJI SAA ZOTE. Sikuuliza swali lingine. Sikuangalia hata dirisha la jikoni linatazama wapi. Nilifungua bomba, maji yakaja kwa nguvu, nikamwangalia mume wangu, tukacheka.

Sisi watu wa ploti ile tulijivuna kwa kisima. Mitaa ya jirani ikikauka, watu wakianza kupita na mikokoteni na mitungi ya manjano, sisi tulikuwa tunaosha ngazi makusudi. Mgeni akija tulimpa glasi ya maji kabla ya chai, aone yanavyong'aa. Yalikuwa meupe, baridi, hayana harufu, hayana tope. Binti yangu wa kwanza alizaliwa tukiwa hapo. Kijiko chake cha kwanza cha uji kilitoka kwa maji hayo.

Na nilikuwa nayachemsha. Haki ya Mungu, nani hakuchemsha? Kila kipindupindu kikisikika, gari la kipaza sauti lilikuwa linapita mtaani likituambia chemsheni maji, chemsheni maji. Mama mkwe wangu naye, kila akitoka Magharibi kuja kututembelea, alikuwa akisimama kando ya jiko kuhakikisha. Kwake, maji ya mtoto hayajachemka mpaka yapungue. Alikuwa anataka kuona mstari kwenye sufuria, pale yalipokuwa na pale yaliposhuka. Nikiepua mapema alikuwa anasema, "Rudisha, hayo bado yana mdudu." Nikarudisha. Kwa miaka yote hiyo mtoto wangu hakuharisha hata mara moja, na nilijiona mama hodari.

Tyubu kubwa ilipoisha bila mabadiliko yoyote, nikampeleka binti yangu hospitali kwa daktari wa meno. Tuliingia, akakataa kufungua mdomo. Nilibembeleza, nikatisha, nikaahidi viazi karai. Wapi! Alikuwa ameubana mdomo kwa nguvu, machozi yanamtoka.

Daktari alikuwa kijana. Hakumlazimisha. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akashusha ile barakoa yake, akatabasamu mdomo wazi. Meno yake ya mbele yalikuwa ya rangi ya chai, sawasawa kabisa na ya binti yangu.

Binti yangu akaangalia. Akaangalia tena. Kisha akafungua mdomo.

"Mimi nililelewa karibu na Naivasha," daktari akaniambia huku anachungulia. "Nyinyi mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima," nikasema, tena kwa kujivuna. "Na tunachemsha."

Akatoa kioo chake mdomoni mwa mtoto, akakiweka chini. Akaniuliza tunachemsha namna gani, nikamweleza habari ya mstari wa sufuria. Akaguna. Ndipo akanieleza mambo ambayo ilifaa nielezwe na mtu fulani, mahali fulani, kabla sijazaa.

Alisema kuna kitu kinaitwa florini. Kikiwa peke yake ni hewa ya manjano hafifu, kali ajabu, haipatani na chochote, inashambulia karibu kila inachogusa. Kwa ukali huo haikai peke yake duniani, daima utaikuta imeng'ang'ania kitu kingine, na ikishang'ang'ania hivyo, imetulia, ndiyo inaitwa floraidi. Chini yetu, upande huu wote wa Bonde la Ufa, mawe ya volkano yamejaa hiyo. Maji yanakaa humo chini miaka na miaka, yanairamba polepole. Huioni. Huinusi. Glasi yako inang'aa.

"Na moto?" nikauliza.

"Moto unaua mdudu, mama. Floraidi si mdudu. Maji yanapaa na mvuke, yenyewe inabaki kwa sufuria. Ukichemsha mpaka yapungue nusu, floraidi iliyokuwa kwa maji mengi sasa iko kwa maji kidogo."

Akaendelea kueleza kwamba jino la ukubwani haliumbwi siku linapoota, linaumbwa ndani ya taya mtoto akiwa bado mdogo, ananyonya, anakula uji. Floraidi kidogo sana inalikaza jino, ndiyo maana wanaitia kwa dawa ya meno, na hiyo unaitema. Ikizidi, tena ya kumeza kila siku, inaharibu jino likiwa linaumbwa. Doa la binti yangu halikuwa juu ya jino. Lilikuwa ndani ya jino lenyewe. Hakuna mswaki duniani ungelifikia, wala jivu, wala waya.

"Kwenu ni Magharibi?" akauliza. "Mboga mnatia magadi?"

"Mrenda bila magadi ni mrenda gani?"

"Magadi pia inayo. Nyingi."

Ala! Hasira ikanipanda, na nilimtolea yeye ambaye hakuwa na kosa. "Basi daktari, sema tule mawe!"

"Mawe ndiyo mnayokunywa, mama," akasema, bila kucheka.

Halafu macho yake yakaenda kwa mgongo wangu. Mdogo alikuwa ameamka, anatafuna kamba ya mkoba wangu. "Na huyu?"

"Huyu ananyonya. Ndiyo tunamwanzishia uji."

"Maziwa yako hayapitishi floraidi ya maana. Endelea kumnyonyesha. Lakini uji huo usiupike na maji ya kisima hata siku moja. Meno yake ya mbele yanaumbwa sasa hivi, wakati tunaongea."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja nyumbani. La binti yangu lilikuwa limekwisha amuliwa, lakini la mdogo lilikuwa bado, na lilikuwa mikononi mwangu, kwa sufuria yangu. Nilipofika jikoni nilisimama nikaangalia kila kitu upya. Daktari alikuwa ameniambia florini iko kwa kile kikaangio kisichoshika mayai, na iko kwa hewa inayopoza friji nyingi. Watu wamejua kuikamata, wameifunga ndani ya friji itupozee maziwa, wameipaka kwa kikaangio, wameipima tone kwa tone ndani ya dawa ya meno. Yote hayo wanajua! Lakini kumwambia mama wa Eastlands kwamba iko kwa bomba lake, kwamba akichemsha sana anaizidisha, hapo hakukuwa na gari la kipaza sauti. Nikamwaga maji yote ya kwenye sufuria. Nikalia nikiwa nimeshikilia sinki.

Nikaanza kusema. Nilisema ngazini, nilisema kwa kamba za nguo, nilisema kwa mama wa mboga pale langoni. Na unajua watu wa ploti walinijibu nini? "Mama, unataka turudi kwa foleni za mitungi?" Mmoja akaniuliza kama nimelipwa na watu wa mikokoteni. Wengine walininunia. Msimamizi wa ploti akapeleka habari kwa mwenye ploti, ambaye alikuwa anaishi hapohapo, orofa ya juu kabisa, kwamba kuna mwanamke anaharibia nyumba jina.

Jumapili moja mchana, watu wametoka makanisani, mwenye ploti akashuka uwanjani mwenyewe, suti ya kahawia, akatuita wote. Akamwambia msimamizi afungue bomba na kujaza glasi. Akainyanyua juu, jua likapita ndani yake, kisha akainywa yote mbele yetu, akajipangusa midomo.

"Mnaona nimekufa?"

Watu wakacheka. Akacheka nao, na meno yake yalikuwa meupe pepepe.

"Wewe meno yako yaliotea kwenu," nikasema. "Huko milimani mlikokuwa mnakunywa maji ya mto. Ulikuja na meno yako tayari. Sisi hatusemi habari ya watu wazima."

"Mama, hizo ni peremende na uvivu. Mtoto wako apige mswaki."

Neno lilelile! Nilitaka kujibu, nikajizuia, kwa sababu binti yangu alikuwa amesimama pale ngazini, anasikia, mkono mdomoni.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa mlango wa pili. Ni Mwislamu, familia yao wanauza vitambaa kwa jumla, mtu mpole ambaye hata salamu zake huzisikii vizuri. Tangu nianze kelele zangu hakuwa amesema kitu, nami nilidhani yuko upande wao. Alimwita mwanawe mkubwa, akamshika kidevu, akamwambia, "Fungua mdomo, mwanangu." Akaunyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Rangi ya chai. Kisha akamwita binti wa dada yake, aliyehamia kwake kutoka Garissa akiwa msichana mkubwa tayari, akamfungua naye. Meupe.

"Wote wawili ninawapigisha mswaki mimi," akasema. "Mmoja kazaliwa hapa. Mwingine alikuja."

Halafu mama wa orofa ya kwanza, yule aliyeniuliza kama nimelipwa, akamwita wake. Mwingine akamwita wake. Kina mama wakawa wanawashika watoto wao videvu, wanawageuza kwenye mwanga, wanachungulia, wanaulizana, huyu ulimzalia hapa au mlihamia naye? Waliozaliwa ploti ile, wale walioota meno ya ukubwani, walikuwa na madoa, wengine ya chaki, wengine ya chai. Waliohamia wakiwa wakubwa hawakuwa nayo. Na wale wale waliokuwa wakimwita binti yangu Chai walikuwa wamesimama pale midomo wazi, wanashikwa mashavu na mama zao. Wengi wao walikuwa bado wana meno ya utotoni. Yao yalikuwa njiani.

Mwenye ploti akasema hayo ni mambo ya damu. Jirani yangu akamuuliza, kwa sauti ileile ndogo, "Na nyinyi kule juu, mbona mnapandishiwa yale machupa makubwa ya maji kila wiki?"

Sote tulikuwa tumeyaona. Sote! Msimamizi alikuwa anayapandisha begani, anahema, nasi tulikuwa tunampisha ngazini. Tulidhani ni maringo ya watu wenye nafasi.

"Hayo ni mambo ya mke wangu," akasema mwenye ploti. Akajipangusa midomo tena ingawa ilikuwa imekauka. Kama alikuwa anajua au hakujua, mimi siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba wajukuu wake walikuwa wanaishi juu ya kisima kilekile na hawakunywa tone lake. Kabla hajapanda ngazi aligeuka akasema asiyependa maji yake lango halijafungwa. Wiki hiyohiyo maandishi ya ukutani yakapakwa rangi upya, nyekundu mbichi. Maji saa zote.

Kuhama tungehamia wapi? Kila ploti ya karibu ilikuwa na kisima chake, na kila mwenye kisima alikuwa na glasi yake ya kuinua juani. Basi tukafanya yetu. Maji ya kisima yakawa ya kuoga na kufua. Ya kunywa na kupikia tulichota kwa bomba la kanjo, maji ya jiji yanayotoka mabwawa ya milimani, mtaa wa pili, tukapanga foleni ileile tuliyoikimbia Makadara. Mvua ikinyesha tulitega mapipa. Haya ndiyo tuliyoyachemsha, na tuliepua mara tu yalipochemka. Magadi nikaitoa jikoni, na mama mkwe wangu alipokuja alikula mrenda ule akasema unanata kama adhabu, lakini alipomchungulia mjukuu wake mdomoni hakudai tena.

Mchotaji mkuu alikuwa binti yangu. Sikumtuma. Alitoka shule, akabadilisha sare, akachukua mtungi wake mdogo. Maji hayo hayakuwa mengi, na siku moja nilimkuta anakunywa ya kisima moja kwa moja kutoka bombani, ilhali mtungi mzuri uko pale kando yake.

"Aka! Kwa nini hunywi haya?"

"Yangu yalishaharibika," akasema. "Hayo ni ya mtoto."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayesema nje kuna jua. Nilimmiminia glasi ya maji mazuri, nikasimama pale mpaka akaimaliza, na tangu siku hiyo nilikuwa namwangalia akinywa. Lakini maneno yale hayajanitoka masikioni.

Miaka imepita. Binti yangu sasa yuko gredi ya tisa, shule ileile, kwa yale madarasa mapya ya nyuma. Kwenye sayansi wamefundishwa florini, akaja kunionyesha ilivyo ya tisa katika jedwali lao, akanieleza mambo yake kwa ufasaha kuliko daktari. Kitabu kilikuwa kimeandika matumizi yake: dawa ya meno. Hakikuandika zaidi ya hapo. Anapiga mswaki asubuhi, mchana akirudi, na usiku. Akicheka anafunika mdomo kwa mkono, na sidhani anajua kwamba anafunika.

Mdogo wake alianza kung'oa meno mwaka jana. Binti yangu ndiye aliyekuwa anachungulia pengo kila asubuhi, anamshika kidevu, anamgeuza kwenye dirisha. Jino la kwanza la mbele lilipotokeza nilimsikia anapiga kelele, nikakimbia nikidhani kuna moto. "Mama, njoo uone! Jeupe! Jeupe lote!" Aliruka ruka jikoni, akamkumbatia mdogo wake mpaka akalia kwamba anabanwa. Nilishukuru Mungu kwa sauti, jirani akanisikia, naye akaja kuona.

Na huyo mdogo, niwaambie ukweli, ni mvivu wa mswaki kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumwona. Analowesha mswaki, anauweka chini, anaapa amemaliza. Tunamkimbiza.

Wiki iliyopita alirudi shuleni kifua mbele. Binti yangu alikuwa kwa sinki, mswaki mdomoni.

"Leo mwalimu amenisimamisha kwa gwaride!" mdogo akasema. Nikamuuliza mwalimu yupi, akamtaja. Yuleyule. "Ameniambia nifungue mdomo. Akaambia shule yote, hivi ndivyo meno ya mtu anayepiga mswaki yanavyokuwa. Nimepigiwa makofi!"

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye gwaride hilohilo, kwa mstari wa madarasa ya nyuma. Alisukutua, akatema, akaosha mswaki wake vizuri, akaurudisha mahali pake.

"Na mimi nilimpigia," akasema.

Nilifunga leso kiunoni, nikavaa viatu. Shule ilikuwa bado haijafungwa.